Ua la Kengele Kwenye Ua wa Shosho: Nilikosea, na Hii Ndiyo Historia Yenyewe

Wasee wangu, leo hakuna video. Leo mtasoma. Najua wengine mtapita tu, na ni sawa, lakini hii siwezi kuisema kwa dakika moja na nusu. Shida yote ilianzia hapo kwenye dakika moja na nusu.

Mwezi uliopita nilirekodi video nyumbani kwa shosho, huku Limuru. Nilisimama mbele ya ua wake wa kayaba, nikashika ua moja la zambarau linaloning'inia kama kengele, nikaanza kuongea kwa ile sauti yangu ya kujiamini. Nikasema ua hili lililetwa na mabeberu kutoka India wakati wa kujenga reli. Nikaongeza ati mafundi wa reli walikuwa wanalipanda kwenye stesheni ili kuficha harufu. Stori tamu. Ilikuwa na reli, na mabeberu, na harufu, yaani kila kitu ambacho watu hupenda.

Nani aliniambia? Hakuna. Niliiunganisha kichwani nikingoja jua litulie ili picha itoke poa.

Video ilienda kuliko zote nilizowahi kuweka. Siku ya pili mtu mmoja akakomenti kwa upole tu: mmea huu ni wa Mexico, jina lake la kisayansi ni Cobaea scandens, na reli haihusiki. Mimi nilifanya nini? Nikaifuta hiyo komenti. Nilijiambia kuna watu kazi yao ni kuharibia wengine siku. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo kila nikifungua mdomo kuhusu historia kuna mtu huuliza, "Kwani wewe ulisomea nini?" Hiyo komenti niliisikia kama swali hilo hilo, hata kama mwenyewe hakuliuliza.

Ningenyamaza hadi leo kama si binamu yangu mdogo. Yuko Gredi ya 6. Jumapili moja alikuja kwa shosho na daftari, akanisomea kwa furaha kazi aliyoandika kuhusu mimea ya nyumbani. Akafika kwa ua la kengele. "Maua haya yaliletwa na reli kutoka India." Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema. Binamu akaniangalia akitabasamu, anangoja nimsifu kwa sababu alinisikiliza vizuri.

Manze, sikulala.

Kwa hivyo nimekaa karibu wiki tatu nikisoma, bando likiisha nikiazima simu ya mamangu. Na nimegundua kwamba historia ya kweli ya huu mmea ni tamu kuliko uongo wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tuanze na mmea wenyewe. Ni mtambaazi. Kule kwenye baridi kali ya Ulaya hupandwa kila mwaka upya kwa sababu barafu huuua, lakini mahali kusipoganda, kama Limuru, unaishi miaka na miaka. Ua lake likifunguka mara ya kwanza ni la kijani hafifu, na harufu yake si ya kumpelekea mtu unayempenda. Baadaye linageuka zambarau na kuanza kunukia kama asali. Limekaa kama kikombe kirefu, na nyuma yake kuna majani madogo yaliyotandazwa kama kisahani. Linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, likitingishwa na upepo. Huko kwao Mexico popo hulitembelea usiku kunywa maji yake matamu. Popo! Na mimi hapa nawaambia watu habari za stesheni.

Sasa jina. Neno scandens ni Kilatini, maana yake ni kupanda, kama mtu anavyopanda mti. Na Cobaea? Hilo ni jina la mtu. Padri Bernabé Cobo.

Cobo alizaliwa mwaka 1580 huko Lopera, kusini mwa Uhispania. Mwaka 1596, hata hajafikisha miaka 17, akavuka bahari kwenda Amerika. Hakwenda kuhubiri. Alikwenda kama vijana wengi wa wakati wake, kutafuta bahati, maana huko nyumbani walikuwa wanaambiwa kwamba ng'ambo kuna dhahabu hadi kwenye matope. Ni kama vile siku hizi tunavyoambiwa kuhusu Gulf. Alipofika Lima, Peru, mwaka 1599, dhahabu hakuwa nayo. Alichopata ni nafasi ya kusoma kwa Wajesuti, na mwaka 1601 akajiunga nao.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ni kutembea. Alikaa Cusco, mji wa zamani wa Wainka. Alikaa Juli, kando ya ziwa Titicaca. Alifika Potosí, kwenye mlima wa fedha ambako Wahindi wekundu walikuwa wanalazimishwa kuchimba hadi wanakufa. Halafu karibu mwaka 1629 akaenda Mexico, akakaa huko zaidi ya miaka kumi kabla ya kurudi Lima. Kila alipofika aliandika. Aliandika mawe, samaki, ndege, upepo, mitetemeko ya ardhi, viazi, mahindi, desturi za watu, majina ya vitu kwa lugha za wenyeji. Aliuliza wazee. Alionja. Alilinganisha mahali na mahali.

Kitabu chake alikiita Historia ya Ulimwengu Mpya. Alikimaliza mwaka 1653, baada ya kazi ya karibu miaka 40. Kilikuwa na vitabu 43 ndani yake, katika sehemu tatu. Mwaka 1657 akafa Lima.

Na kitabu kikachapishwa lini? Mwaka 1890 ndipo kilianza kutoka Sevilla. Hesabu mwenyewe. Ni miaka 237 tangu aweke kalamu chini. Na hata hivyo hakikutoka chote, kwa sababu kati ya vile vitabu 43 vilikuwa vimebaki 17 tu. Vingine vimepotea hadi leo. Sehemu ya tatu, ile iliyohusu Mexico, nchi ya ua letu, ndiyo iliyopotea yote.

Nilisoma hiyo mstari mmoja mara tatu. Mimi hapa nalia video yangu ikipata watazamaji mia tatu. Huyu mzee alifanya kazi miaka 40, akafa, na hakuna aliyeisoma isipokuwa panya na vumbi.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye hizo kurasa zilizobaki ambacho kinagusa kila nyumba hapa kwetu. Cobo aliandika kuhusu mti wa homa. Alieleza kwamba huko Loja, ambako leo ni Ecuador, kuna mti ambao gome lake ni chungu, na ukisaga gome hilo ukampa mgonjwa mwenye homa ya kuja na kwenda, homa inaisha. Akasema unga huo umeshajulikana hadi Ulaya, hata Roma wanauagiza.

Mti huo ndio mkwinini. Ile "chungu kama kwinini" ambayo shosho husema akionja chai yako isiyo na sukari, inatoka huko. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walitoa kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Baadaye dawa hiyo ndiyo iliyowawezesha Wazungu kuishi na kutawala sehemu za Afrika ambazo malaria ilikuwa imewafungia. Wajerumani waliipanda miti hiyo kule Amani, Usambara, Tanganyika. Na huko Kivu, Congo, mashamba ya mkwinini yamekuwepo kwa miaka mingi. Kwa hivyo ukitaka kunilaumu ati natoa habari za Peru kwa watu wa Limuru, kumbuka mama yako alivyokushika pua umeze kwinini.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilijiona kwenye kioo.

Mwaka 1742 Linnaeus, yule msomi wa Uswidi aliyepanga majina ya mimea, aliupa mti huo jina Cinchona. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na stori. Stori ilisema mke wa gavana mkuu wa Peru, Kauntesi wa Chinchón, aliugua homa Lima karibu kufa, akapewa unga wa gome, akapona kimuujiza, halafu akaubeba unga huo hadi Uhispania akiwagawia maskini. Mtaliano mmoja aliichapisha mwaka 1663. Ulaya yote ikaipenda. Kuna mwanamke mrembo, kuna kifo mlangoni, kuna muujiza, kuna huruma. Ingekuwa leo, ingeenda kuliko video zote.

Ni uongo. Mwaka 1941 mtafiti aitwaye Haggis alionyesha kwamba stori haishikani. Kumbukumbu za kila siku za gavana huyo zilikuwepo, na hazisemi hivyo. Kauntesi mwenyewe hakufika Uhispania kugawa chochote, maana alifia njiani, Cartagena, mwaka 1641. Na Cobo, aliyeandika kuhusu mti huo mwaka 1653, hamtaji kauntesi hata kidogo. Anataja mti, mahali, gome, namna ya kutumia. Basi.

Yaani kulikuwa na maelezo mawili. Moja ni la mtu aliyetembea na kuuliza, likafungiwa ndani. Lingine ni la mtu aliyesimulia vizuri, likashika jina la mti. Karibu miaka 280 sasa kila daktari na kila mwanafunzi akiandika Cinchona, anaandika uongo wa mwaka 1663. Hata herufi yenyewe Linnaeus aliikosea, akaacha ile "h" ya kwanza ya Chinchón.

Mimi nilichofanya kwa ua la shosho ni hicho hicho. Tofauti ni kwamba wangu bado ulikuwa mchanga, uko kwenye daftari moja la Gredi ya 6 na simu za watu elfu kadhaa. Ungeweza kung'olewa.

Turudi kwa Cobo. Ilikuwaje jina lake likafika kwenye ua?

Karne ya 18 ilipokaribia kuisha, mfalme wa Uhispania alimpa mwanahistoria Juan Bautista Muñoz kazi ya kukusanya nyaraka zote za Amerika zilizotapakaa. Katika kutafuta huko, kazi ya Cobo ikaibuliwa kutoka vumbini na kunakiliwa. Rafiki zake wa Madrid wakaanza kusikia kwamba kulikuwa na padri aliyejua mimea ya Amerika miaka zaidi ya mia moja kabla yao. Mmoja wa wasomi wa Madrid alikuwa Antonio José Cavanilles, naye padri, mtu wa Valencia, ambaye alianza kusoma mimea akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu huko Paris. Wakati huo bustani ya mfalme Madrid ilikuwa inapokea mbegu kutoka Mexico. Mimea iliyochipuka Cavanilles aliichora na kuieleza. Mwaka 1791 akatoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa, na ndani yake ua letu la kengele likapata jina Cobaea scandens. Mwaka huo huo yeye ndiye aliyelipa jina ua la dahlia, ambalo pia ni la Mexico, kwa heshima ya Msweden aliyeitwa Dahl.

Cobo hakuligundua ua hili. Hakuna anayedai hivyo. Ilikuwa ni heshima tu kwa mtu aliyesahaulika. Mwaka 1804, mwaka wake wa mwisho duniani, Cavanilles akachapisha pia sehemu ya maandishi ya Cobo kuhusu mimea. Yaani jina la ua lilitangulia kitabu kwa miaka 99. Watu wa bustani Ulaya walikuwa wanataja jina la Cobo kila wakinunua mbegu, na kitabu chake bado hakijatoka.

Kwetu hii si ngeni. Mimi nimeitwa jina la babu mzaa baba, kama mtoto wa kwanza wa kiume anavyoitwa kwetu. Ndiyo maana shosho huniita "mume wangu" mbele ya wageni, na wageni wasiojua hushtuka. Babu sikumwona. Alikufa kabla sijazaliwa, na hakuacha hata picha moja nzuri. Lakini kila siku mtu fulani anaita jina lake, na mimi ndiye ninayeitika.

Lakini tusijifanye kwamba hesabu imelipwa. Nauliza swali ambalo lazima tuulize: kabla ya Madrid, huu mmea ulikuwa wa nani? Mexico haikuwa pori likingoja padri. Watawala wa Waazteki walikuwa na bustani za mimea, kama ile ya Huaxtepec, kabla Mhispania yeyote hajatia mguu. Mwaka 1552 mganga Mnahua aliyeitwa Martín de la Cruz aliandaa kitabu cha dawa za mimea chenye picha za rangi, na Mnahua mwenzake, Juan Badiano, akakitafsiri kwa Kilatini. Walikuwa Tlatelolco, ndani ya jiji la Mexico la leo. Kitabu kikatumwa Uhispania, kikaishia Vatikani, kikasahaulika hadi mwaka 1929. Kilirudishwa Mexico mwaka 1990. Miaka 438 nje ya nyumba!

Hakuna ua lililopewa jina la Martín de la Cruz mwaka ule wa 1791. Dahl alipata, Cobo akapata. Ukitaka kujua nani alihesabika kama mtu wa maarifa, angalia majina.

Na kuna mwingine. José Mariano Mociño, mzaliwa wa Mexico, alikuwa kwenye safari kubwa ya kisayansi iliyoanza mwaka 1787 kuchunguza mimea ya nchi yake. Walitembea miaka na miaka, wachoraji wakichora. Mwaka 1803 akapelekwa Uhispania na hazina yote hiyo ichapishwe. Haikuchapishwa. Pesa hakuna, vita vikaingia, na mwaka 1812 Mociño akakimbilia Ufaransa na michoro yake. Huko akamwachia msomi Augustin Pyramus de Candolle, ambaye baadaye aliipeleka Geneva. Mwaka 1817 Mociño akaiomba irudishwe. De Candolle akawaita watu wa mji. Wachoraji zaidi ya mia, wengi wao wanawake ambao hawakuwa na kazi ya kuchora, wakakaa chini na kunakili karibu michoro elfu moja kwa muda wa siku kumi hivi, kabla ya michoro halisi kuondoka.

Mociño alifia Barcelona mwaka 1820, maskini. Michoro yake ikapotea machoni pa watu zaidi ya karne moja na nusu, hadi iliponunuliwa na taasisi moja ya Pittsburgh, Marekani, mwaka 1981. Katika miaka hiyo yote, dunia iliijua kazi yake kupitia nakala za wale wanawake wa Geneva.

Mwaka jana mtu alichukua video yangu, akakata jina langu, akaiweka kwake ikapata watazamaji mara kumi. Nilikasirika siku nne. Bado nina hasira kidogo. Lakini Geneva imenifunza kwamba kunakili kuko kwa aina mbili. Kuna kunakili ili kazi isipotee, jina la mwenyewe likiwa juu. Na kuna kunakili ili mwenyewe apotee.

Mtu wa mwisho, halafu nawaachilia. Charles Darwin.

Mnamjua kwa ile habari ya nyani, ambayo nyingi mnamwekea mdomoni. Wachache wanajua kwamba mwaka 1865 alichapisha kazi ndefu kuhusu mimea inayopanda. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara, haendi mbali, akawa anaweka mimea kwenye vyungu ndani ya chumba na kuiangalia. Kuiangalia tu, saa baada ya saa. Na mmoja wa mimea iliyomvutia zaidi ni huu wetu wa kengele.

Mwisho wa jani lake kuna uzi mwembamba unaogawanyika mara nyingi, na kila ncha ina ndoano ndogo sana, huzioni vizuri bila kuinama. Uzi huo haungoji upepo. Unazunguka wenyewe hewani, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Darwin alipima mzunguko mmoja: karibu saa moja na robo. Kati ya mimea yote yenye nyuzi aliyoiangalia, ni mmoja tu mwingine uliouzidi huu kwa kasi. Ukigusa kitu, ndoano zinashika, halafu uzi unajikunja kama springi na kuuvuta mmea wote karibu.

Nilitaka sana kuwaambia kwamba Darwin aliacha chuo kama mimi. Ni kweli aliacha udaktari Edinburgh mwaka 1827. Ningekomea hapo mngepiga makofi. Lakini alienda Cambridge akamaliza mwaka 1831, na babake alikuwa na pesa. Kwa hivyo mfano huo haunifai, nauacha. Mnaona? Najifunza.

Kitu ninachokichukua kwake ni kingine. Hakuhitaji maabara kubwa kujua hayo. Alihitaji chungu, saa, na subira. Subira ndiyo mimi sikuwa nayo siku ile. Ua lilikuwa mkononi mwangu na sikuliangalia. Niliangalia kamera.

Basi Jumamosi nilirudi Limuru nikafanya majaribio. Nilichagua uzi mmoja ambao haujashika kitu, nikaweka kijiti kama alama, nikakaa kwenye kigoda na saa ya simu. Shosho alinipita mara mbili na ndoo bila kusema kitu. Mara ya tatu akasimama.

"Mume wangu, unangoja nani?"

"Nangoja huu uzi uzunguke, shosho."

Akaniangalia. "Hiyo ningekuambia. Asubuhi unaiacha huku, ukirudi na maziwa iko kule. Ndiyo maana imeua kayaba yangu."

Nikageuka kuangalia kayaba. Kweli. Chini ya zile kengele zote nzuri, matawi ya kayaba yalikuwa makavu, meupe, yamenyimwa jua. Nilikuwa nimerekodi pale pale na sikuona. Huko New Zealand mmea huu umepigwa marufuku kuuzwa kwa sababu hiyo hiyo, umeruka bustani ukafunika miti ya msitu. Shosho alijua tabia yake miaka yote hiyo. Nilimuuliza ulifikaje hapo. Akasema alipewa mbegu na rafiki yake, aliyekuwa anafanya kazi kwenye bustani ya Mzungu huko Tigoni, naye akaitupa tu kwenye ua kwa sababu maua yalikuwa mazuri. Hakuna reli. Kulikuwa na mwanamke mmoja na mbegu kwenye leso. Alikuwa hapo kwenye kigoda siku ile narekodi, hatua kumi kutoka kwangu, na sikumuuliza.

Uzi wangu ulimaliza mzunguko kwa saa moja na dakika 40. Limuru ilikuwa baridi.

Nimefanya yafuatayo. Video ile nimeiondoa. Yule aliyenikosoa nimemwandikia kuomba msamaha, na kumwambia waziwazi kwamba komenti yake niliifuta mimi. Amenijibu kwa neno moja, "Sawa," na nadhani ninastahili hilo moja. Binamu yangu nimekaa naye tukaandika upya ule ukurasa. Aliniuliza kama mwalimu atamwondolea ile vema. Nikamwambia sijui, lakini nitaenda naye shuleni Jumatatu nimweleze mwalimu kwamba kosa lilikuwa langu. Hiyo Jumatatu ni kesho. Naogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote nilioufanya, na ule ambao sikuufanya.

Na ule mmea? Shosho ameniachia panga. Nimekata upande wote uliofunika kayaba. Nimebakisha shina moja kwenye mlango wa zizi, ambako hakuna cha kuua. Bado lina kengele nne. Moja ni ya kijani, imefunguka leo, na inanuka vibaya. Nitaingoja.